Jina Hakulitaja

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi, daktari wangu,

Salamu leo nazipunguza, maana karatasi ni fupi na niliyo nayo moyoni ni marefu. Mimi mzima, saluni inakwenda, mgongo unauma palepale unapopajua.

Najua utanuna nikikuita daktari. Basi tulia, wateja wote nimeshawaeleza kwamba wewe si daktari, wewe ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kubwa, yaani mtu ambaye daktari akishindwa ndiye anayemwita. Nimekosea wapi? Daktari anatibu mguu, wewe unamshughulikia mwenye mguu: atakwenda wapi, atakaa na nani, nani anamtesa. Hayo ni maneno yako, mimi nimeyatia chumvi kidogo tu.

Lakini mwanangu, kuna mambo hayanikai. Nimesuka vichwa tangu hujazaliwa. Mtu akiketi kwenye kigoda changu, nikimgusa tu shingo najua kama anayosema ni ya kweli. Na barua zako zimekaza shingo. "Mama niko salama, kazi nzuri, mvua imenyesha." Kazi nzuri ipi? Mama Pacha alikuja huko kumwona shemeji yake aliyelazwa, akarudi akasema amekuona umeketi kwenye ngazi. Ngazi, mwanangu! Mwanamke mzima analia begani kwako, huna koti, huna meza, watu wanakuruka wakipita. Akasema mbele ya wateja wangu, "Mwenzetu, hivi yule binti ameajiriwa pale, au anauguza?" Wakacheka. Nilikaza msuko wake mmoja, akanyamaza huku machozi yanamlengalenga, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Halafu huyo msimamizi wako. Umeandika kwamba kila Ijumaa anakuweka chini anakuuliza, "Ulihisi nini?" Mwalimu gani huyo? Mimi aliyenifundisha kusuka aliniuliza swali moja tu: "Umemaliza?" Mtu anayechimba unavyohisi ana lake jambo. Mchunge.

Mwezi wa sita ndiye anayeandika ripoti. Akikupitisha unaajiriwa, asipokupitisha unarudi hapa kushika kitana. Kushika kitana si aibu, ndicho kilichokulea. Ila sikukusomesha ili urudi.

Basi niandikie kitu chenye nyama. Usinipigie simu, simu mtu hawezi kumwonyesha mwenzake. Andika nijue unafanya nini hasa.

Mimi mama yako, msusi wa watu wenye nywele zao


Tarehe 14 Februari

Mama, shikamoo.

Mama Pacha hakukosea, nilikuwa kwenye ngazi. Ofisi yetu ilikuwa stoo ya magongo ya wagonjwa, na magongo yenyewe bado yamo. Kuna meza moja, tunaitumia wawili: mimi na mwanafunzi mwenzangu ambaye wodi zote wanamwita Miwani. Mlango hakuna, kuna pazia. Mtu anapokueleza kwamba mwanawe amefariki na hajui atamzika wapi, mfagiaji anachukua ndoo nyuma yako na kusema samahani. Ndiyo maana nawapeleka kwenye ngazi za nyuma. Angalau pale wanaopita wanapita.

Wodi saba, mama, na sisi ni wawili. Msimamizi ni mmoja na ana hospitali nyingine tena ya kusimamia. Darasani tulifundishwa namna ya kumsikiliza mtu, tukaigizana, mmoja mgonjwa mmoja afisa. Hakuna aliyetufundisha ufanye nini wauguzi wanapokuita uwatafutie sabuni, au daktari anapokuambia mbele ya mgonjwa, "Huyu kitanda chake nakitaka leo, muondoe." Niende naye wapi?

Nisipokuandikia mambo haya si kwamba nakudanganya. Tumekula kiapo. Ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Lakini naona hutalala. Basi nitakuambia moja, na jina silitaji hata ukinibana mlangoni. Nina mgonjwa mwanamke ambaye ni fundi redio. Redio ya wodi ilikuwa imekufa siku nyingi, yeye ameifufua kwa mkono mmoja, mkono wa pili hauinuki kwa sababu ameungua mgongo na bega. Kwenye faili imeandikwa taa ya mafuta ilimwangukia. Mama, taa humuunguza anayeishika, haimmwagikii mtu mgongoni. Nilikaa naye siku nyingi bila kuuliza. Halafu siku moja, akiwa anafunga skrubu, akasema, "Alikuwa nyuma yangu." Hataki mumewe ajue yuko wapi. Namtafutia mahali pa kukaa akitoka. Nikifanikiwa, hata kama sitapita, nitajua kwamba naweza kazi hii.

Hii ni ya masikio yako.

Mwanao


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika, na imefika kwelikweli! Sasa hivyo ndivyo mtoto anavyomwandikia mzazi. Mama Pacha mwenyewe amefunga mdomo, ameniambia, "Kumbe ni kazi nzito." Nikamwambia, unafikiri hospitali wanaokota watu?

Hiyo habari ya pazia imenikera, nitalishonea pindo ukija. Na huyo Miwani, meza moja na mwanangu, anakaa upande gani? Ana mke? Mtu wa kusoma barua za watu huanza kwa kusoma meza ya mwenzake.

Hapa hakuna jipya, ila adabu imekwisha duniani. Ijumaa mteja wangu mmoja, mtu mzima na heshima zake, aliinuka nikiwa nimemsuka nusu kichwa. Anasema tumbo. Akajifunga kitambaa akaondoka mbio, hata kuaga hakuaga. Upande mmoja rasta, upande mwingine msitu. Hajarudi. Tumbo gani hilo la wiki nzima?

Kula vizuri. Usimwambie msimamizi kila unachohisi, mwachie kidogo tu.

Mama yako, mwenye binti


Tarehe 12 Machi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia upesi. Jumamosi, saa ya kuona wagonjwa, alikuja mwanamume mmoja amevaa shati lililopigwa pasi, ana mfuko wa machungwa. Akamwambia mlinzi, "Namtafuta mke wangu, fundi redio, ameungua mgongo. Nimesikia yuko kwenu." Mlinzi akampandisha. Muuguzi wa zamu, Mungu ambariki, aliyatazama yale machungwa akasema hapa hakuna fundi wala redio. Yule mwanamume akaondoka, akasema atarudi.

Yule mgonjwa alimwona kupitia dirisha. Aliingia chini ya kitanda, mama, na mgongo ule. Nilipoinama kumtoa alinitazama kama anamtazama mumewe. Tangu siku hiyo hanisemeshi. Redio ameifungua tena, vipande viko kwenye sahani, hataki kuvirudisha.

Msimamizi ameniita. Waliojua siri ile ni mimi, yeye na Miwani. Miwani ana tabia ya kwenda nyuma ya tangi la maji na simu sikioni, anageuza uso ukutani, ukimkaribia anakata. Sasa nafunga droo yangu kwa ufunguo na yeye ameketi palepale. Sipendi kuwaza hivi, lakini nani mwingine?

Kikao ni tarehe kumi Aprili. Wakiona siri imetoka kwangu, hata ripoti ya mwezi wa sita haitangojwa.

Tafadhali mama, niombee tu. Usifanye kitu.

Mwanao


Tarehe 16 Machi

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Mafunzo,
Kitengo cha Ustawi wa Jamii

Mheshimiwa dada, kwanza pole na kazi. Mimi ni mama mzazi wa yule binti mrefu, mweusi, mwenye sauti ya upole, unayemwita kila Ijumaa. Kusoma nimesoma kidogo, lakini aibu ya kusema kweli sina.

Nimesikia kuna siri imevuja na mwanangu anawekewa kikao. Dada yangu, kikulacho ki nguoni mwako. Huyo kijana wa miwani anafanya nini na simu nyuma ya tangi la maji? Mtu mwenye maneno safi huyasema mbele ya watu. Mwulize. Mshike simu yake uone.

Mwanangu ni kaburi. Nimemlea mwenyewe, tangu mdogo ukimpa siri unaweza kusahau kwamba uliwahi kumpa. Hata mimi niliyemzaa, nilipombana aniandikie kazi zake, huyo fundi redio hakunitajia jina. Hakunitajia kijiji, umri wala kabila. Kama huamini, uliza yeyote saluni kwangu. Barua ilisomwa kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, watu wamejaa hadi barazani, na jina halikutoka hata moja. Mashahidi ninao.

Kwa hiyo umwache mwanangu umshughulikie anayestahili.

Nakuheshimu sana, ingawa sijaelewa hayo maswali yako ya kuhisi.

Mama mzazi, msusi


Tarehe 22 Machi

Mama yangu mpendwa,

Ahsante kwa barua yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Sitazungumza nawe kuhusu mgonjwa yeyote. Siwezi hata kukuambia kama yupo au hayupo, nawe uniwie radhi, ndivyo tunavyoapa. Kuhusu binti yako nitasema haya: ana wodi saba na ngazi moja. Jioni moja nilimkuta anamwandikia mgonjwa barua ya kurudi kwao huku ameketi juu ya rundo la magongo, kwa kuwa kiti alikuwa amempa mgonjwa. Nikimwuliza alihisi nini, ni kwa sababu hapa hakuna mwingine atakayemwuliza, na mtu asiyeulizwa atatafuta pa kuyamwaga.

Lawama nyingine ni yangu. Tulimfundisha kuficha jina. Hatukumfundisha kwamba mtu hutambuliwa kwa kazi yake kabla ya jina lake.

Sasa naomba uniambie, mama, na ufikiri kabla ya kujibu. Siku barua ile iliposomwa, nani walikuwapo? Kuna aliyeuliza swali? Kuna aliyeondoka?

Ninauliza kwa sababu mlango ambao maneno yalitokea bado uko wazi, nami sijui uko wapi. Sitakuficha pia upande wa pili. Ikiwa yalitokea kwako, kijana mwingine ambaye sasa anatazamwa vibaya na kila mtu atakuwa huru, na swali litarudi kwa binti yako. Siwezi kukuahidi litaishia wapi.

Msimamizi wa mafunzo


Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Sijui nianze wapi. Msimamizi wako ameniandikia. Barua tamu, ndiyo maana naiogopa. Nani alikuwapo, nani aliuliza, nani aliondoka. Anasema mlango uko wazi. Mimi naona mtego uko wazi.

Ni kweli barua yako ilisomwa. Uliandika ni ya masikio yangu, nami masikio yangu yako saluni kutwa, mikono iko kichwani mwa watu, sasa barua niishike kwa nini, kwa meno? Mama Pacha ndiye hunisomea. Zote hunisomea. Sikuona ubaya, mwanangu. Niliona fahari. Jina hukulitaja, nikasema basi siri imekaa.

Na yule mteja aliyekimbia na nusu kichwa, nimeambiwa jana ana kaka yake ambaye mkewe alikuwa anatengeneza redio. Nimekuandikia mwenyewe kwamba tumbo linamuuma. Nilicheka nilipoandika.

Mama Pacha anasema, "Kana, mwenzangu. Sema barua ililiwa na panya. Saluni ina makelele, nani alisikia nini?" Nikikana, wewe unapona. Lawama inabaki kwa yule kijana wa miwani, naye ana mama yake wa kumpigania, si mimi. Nikisema kweli, nakuchoma kwa mkono wangu.

Niambie nijibu nini. Ukisema nikane, nitakana mpaka mbele ya kikao, na unajua nikiamua kukana hata jua litashuka kuangalia.

Mama yako


Tarehe 30 Machi

Mama, shikamoo.

Niko salama. Hapa mvua imenyesha.

Hilo uliloniuliza sina jibu la kukupa. Katika kazi yangu hatumchagulii mtu la kusema, hata tukiwa tunalitaka sana la kwetu.

Nalitaka sana la kwangu, mama. Ndiyo maana sikuambii.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Kwa Msimamizi wa Mafunzo

Dada, barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nimemwambia asipokufikishia leo hii mkewe asije tena kwangu na kichwa chake. Isome hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mama Pacha alikuwa anasoma, mimi namsuka mteja. Alipofika kwenye fundi redio watu wakachangamka. "Mwanamke fundi redio! Sasa mume anafanya nini, anapika?" Mwingine akasema, "Anashika tochi!" Tukacheka wote, nami nilicheka. Mteja wangu hakucheka. Shingo yake ilikaza chini ya mikono yangu, nikadhani nimemvuta. Akasema, "Hebu soma hapo tena." Mama Pacha akarudia, tena kwa madaha, anapenda kurudishwa nyuma. Mteja akauliza, "Mgongo, siyo?" Akajibiwa, "Mgongo na bega." Hapo ndipo tumbo lilipomshika.

Shingo ile niliihisi. Mimi niliyejisifu kwamba naijua shingo ya mwongo! Niliihisi, nikaiacha, kwa sababu nilitaka wafike pale ulipotajwa uwezo wa mwanangu.

Mama Pacha alinishauri nikane. Nilikubali. Nililala nimekubali na nikaamka nimekubali. Lakini nikasema kwanza niende nikajue nakana nini. Jana nilibeba kitana nikaenda kwa yule mteja, nikamwambia nimekuja kumalizia kichwa, nisije kusemwa mjini kwamba nasuka nusu. Akaona haya, akaketi. Mtu akisukwa husema, hata asipotaka. Kumbe yeye ni wifi wa yule fundi redio. Alimwambia kaka yake siku ileile. "Nilidhani amekwenda kwao kununa tu," akaniambia, "nilitaka wapatane." Nikamwuliza, na ule mgongo je? Akasema kaka yake ana hasira lakini ni mtu mzuri. Dada, mikono yangu ilisimama, nikaona nikiendelea nitamng'oa.

Nikavumilia nikasuka. Akasema Jumapili hii kaka anarudi kwenu. Safari hii hatakuja peke yake. Anakuja na shangazi yao na wazee wawili wenye kofia, watasema wamekuja kuomba radhi na kumchukua mgonjwa wao nyumbani. Wamepanga shangazi ndiye atangulie kulia wodini, ili muuguzi aone huruma. Hapo nikajua siwezi kukana. Nikikana, nitakuambiaje habari ya Jumapili?

Kwa hiyo andika hivi: mlango ulikuwa kwangu. Kijana wa miwani hakusema, na mimi nilimsingizia kwa maandishi, umwombe radhi kabla sijapata uso wa kumwomba mwenyewe. Mwanangu aliandika kwa sababu nilimbana, nilimwambia barua zake hazina nyama. Kama kuna adhabu ya mzazi, nipeni. Kama hakuna, najua mtampa yeye, na najua nimeitia sahihi mimi.

Msusi


Tarehe 19 Juni

Mama, shikamoo.

Ripoti imetoka. Sikupita, na sikufukuzwa. Narudia mafunzo yote ya hospitalini tangu mwanzo, kisha ripoti nyingine. Msimamizi alinisomea mwenyewe, halafu akauliza kama kawaida yake nilihisi nini. Nikasema aibu. Akangoja. Nikasema kwamba nilikukasirikia wewe miezi yote hii kwa sababu kukukasirikia wewe kulikuwa rahisi. Ni mimi niliyeapa, mama. Wewe hukuapa.

Kikao chenyewe kilikuwa kirefu. Daktari mmoja alisema watu wa ustawi hawafai kupewa siri, ni watu wa maneno. Msimamizi akamwuliza siri hizo wapewe wapi, kwenye ngazi? Tumepewa chumba. Ni kidogo, zamani walikuwa wanaweka mashuka, lakini kina mlango na mlango unafunga. Na wanafunzi wapya walipokuja wiki iliyopita, somo lao la kwanza lilikuwa namna ya kuficha kazi ya mtu, mtaa wake na kilema chake kabla ya kumsema hata kwa mwenzako. Mfano uliotolewa haukuwa na jina. Wote niliona wananitazama.

Miwani amepita, ameondoka jana. Nilimweleza kwamba nilimshuku. Akasema, "Kumbe ndiyo maana droo ilikuwa inafungwa, mimi nikadhani unaficha biskuti." Nikamwuliza habari ya simu nyuma ya tangi. Mama, hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa anakwenda kulia. Simu alikuwa anaiweka sikioni ili tukimwona tudhani anaongea, kwa sababu hapa hapakuwa na mahali pa mfanyakazi kulia.

Katika barua yako ya mwisho umeniuliza juu ya mtu fulani, kama ile Jumapili alipona. Mama, sina mgonjwa wa namna hiyo, na sijawahi kuwa naye.

Mwanao


Tarehe 27 Juni

Mwanangu,

Nilipofika pale ulipoandika hujawahi kuwa na mgonjwa wa namna hiyo, kwanza nilikasirika, nikasema mtoto sasa ananifanya mjinga. Niliiweka barua chini. Nikaichukua tena. Mara ya pili ndipo niliposikia sauti ya afisa. Unajua kazi, mwanangu. Waandike wasiandike.

Nimeisoma peke yangu, polepole, kidole chini ya mstari, na maneno mawili sikuyajua nikayaruka. Mama Pacha alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea kama kawaida yake, nikaikunja nikaitia kifuani. Mkono ulibaki hewani. Akasema, "Haya makubwa."

Sasa yanasemwa. Mmoja anasema umefukuzwa. Mwingine anasema una mimba ya yule wa miwani, na miwani yenyewe hawajawahi kuiona. Wa tatu anasema kazi hukuwa nayo tangu mwanzo, ulikuwa unafagia, mimi ndiye niliyekupandisha cheo hapa kigodani. Yule wifi haji tena, na rafiki zake wawili wamehamia kwa msusi wa mtaa wa pili, yule anayesuka kama anakamua nguo.

Mwanangu, wewe unanijua. Nina habari ya chumba chenye mlango, nina habari ya msimamizi aliyemjibu daktari mbele ya watu, nina somo zima linalofundishwa kwa sababu yako, na ulimi wangu unawasha kama umelamba upupu. Ningewanyamazisha wote kabla chai haijapoa.

Leo Mama Pacha alikuwa kigodani, saluni imejaa, wengine wamesimama mlangoni. Akaniuliza kwa sauti ile anayoisomea barua, ili wote wasikie, "Mwenzetu, mbona siku hizi husemi? Binti yule ana nini?" Aliyekuwa anapiga pasi nywele akaizima.

Nikamwambia ageuze kichwa, upande wa kushoto bado.

Mama yako